Kinyonga akisikia joto, anaenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu kidogo, naomba usiikate katikati, maana hili jambo la joto la kinyonga mtu akilipata nusu ndo anaua mnyama akidhani anamtunza. Mimi ni fundi seremala hapa Majengo, Moshi, natengeneza milango, vitanda, makabati, na miaka hii ya karibuni naletewa sana kazi za mabanda, ya kuku, ya sungura, ya mbwa, na mara tatu sasa nimeletewa kazi ya banda la kinyonga. Hiyo ya tatu nimeikataa na ndo sababu ya kuandika.

Mteja alikuja na mchoro kwenye daftari la mtoto wake. Sanduku la vioo pande zote, kifuniko cha mbao, balbu ndani katikati, kimo futi moja na nusu. Akanambia fundi, kinyonga anapenda joto, sasa tumfungie joto lisitoke. Nikamwambia kaka vuta stuli ukae, hiyo kazi mimi nilishaifanya, na nilichokiona siku ile sitaki mikono yangu ikifanye tena.

Iko hivi. Kazi ya kwanza niliipata kwenye sehemu moja ya kulala wageni hapa hapa Moshi. Walikuwa na kibali cha kuweka wanyama wadogo wa kuonyesha, kobe wawili, nyoka wasio na sumu, na kinyonga mmoja dume wa pembe tatu. Walitaka boksi la kuvutia, mgeni akiingia amwone vizuri apige picha. Nikawatengenezea. Vioo vya milimita tano, silikoni kwenye kona, kifuniko cha saiprasi nimekipiga msasa na vanishi mara mbili kinang'aa, balbu ya wati 100 nimeifunga ndani chini ya kifuniko, na kijiti kimoja kimelala katikati. Nikalipwa, nikashukuru, nikaondoka. Januari wakanipigia simu bawaba imelegea.

Moshi ya Januari unaijua Mhariri. Saa nane mchana lami inanuka. Nimefika nikakuta boksi limesogezwa barazani upande ule jua la mchana linapopiga, kwa nia njema kabisa, ili kinyonga aote jua, na balbu inawaka humo humo. Yule kinyonga hakuwa kwenye kijiti. Alikuwa chini kabisa kwenye kona, kashikilia ile silikoni kwa kucha, mdomo wazi, koo linapanda na kushuka haraka haraka, rangi imemtoka mwili mzima amekuwa wa njano iliyopauka kama gazeti lililosahaulika juani. Kijana wa zamu akanambia shikamoo fundi, leo kachangamka huyo, kutwa kaachama anasubiri panzi. Yeye hakujua. Mimi pia sikujua vizuri, ila nimefuga ng'ombe na kuku, mnyama anayeachama hivo mchana wa jua hasubiri chakula, anatafuta hewa.

Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ni ile ya kufunua sufuria ya makande. Bawaba sikuigusa. Nikamwekea kidole karibu na miguu akapanda, yaani alipanda kama mzee anayepanda ngazi, mguu mmoja, anapumzika, mwingine, nikatoka naye mpaka kwenye mparachichi nyuma ya jiko nikamshikiza tawi la kivulini. Tukachukua chupa ya maji, tukatoboa kifuniko kwa msumari, tukaining'iniza juu ya majani maji yadondoke tone tone. Dakika kama kumi hakufanya kitu. Alafu ulimi ukatoka kidogo ukalamba tone kwenye ncha ya jani, tena, na tena, na jicho moja likageuka likaniangalia mimi wakati lile lingine liko kwenye jani. Nina miaka 54 Mhariri, nilitokwa na machozi pale chini ya mparachichi mbele ya vijana.

Ndo nikaona na lile doa. Kwenye ile kofia ya mfupa iliyoinuka kisogoni palikuwa na baka jeupe, pembeni limeanza kuwa jeusi. Alikuwa ameungua. Balbu niliyoifunga mimi, ndani, mahali ambapo yeye anaweza kuifikia.

Jioni alikuja daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, na kabla hata hajamkagua mnyama alikagua boksi. Akaniuliza, fundi, humu ndani akisikia joto anaenda wapi? Nikatafuta jibu nikakosa. Balbu juu, kioo pande zote, kijiti kimoja, na chini nako ni moto ule ule. Hilo swali limekaa na mimi mpaka leo na ndo hilo nilimuuliza yule mteja wa daftari.

Sasa nieleze nilichojifunza, kwa yule daktari, kwa kusoma, na kwa kuangalia kwa macho yangu, maana baada ya pale nimekuwa mtu wa kuangalia vinyonga. Kinyonga mwili wake hautengenezi joto kama sisi. Anaamka asubuhi ana ubaridi ule ule wa tawi alilolalia, na bila kupata moto hawezi kusaga chakula, hawezi kutembea vizuri. Kwahiyo kuota jua kwake sio starehe, ni kama sisi kunywa uji kabla ya kwenda shamba. Nyumbani kwa mama, kule Kibosho, tuna uzio wa masale, na humo wamo vinyonga wa kijani wa kawaida, hawa wasio na pembe. Nenda saa moja asubuhi ukae kimya. Utamkuta ncha ya tawi, mkia umejikunja kama springi, rangi imepauka bado ana usingizi. Jua likigusa tu anaanza kuwa mweusi mweusi, kahawia iliyoiva, alafu anajibana mbavu anakuwa bapa kama jani, na lile bapa analigeuzia jua. Weusi unanyonya joto, ubapa unalipokea kwa eneo kubwa. Baada ya muda, ukiwa na subira, unaona weusi unaondoka polepole, kijani kinarudi, anajinyoosha, anashuka hatua mbili tatu kuingia majanini, na hapo ndo anaanza kuwinda. Hakuna aliyemwambia inatosha. Amejipima mwenyewe.

Watu wengi wanaamini kinyonga anabadilika rangi ili afanane na alichokalia, ukimweka kwenye kitenge anakuwa kitenge. Sio hivo. Rangi yake inasema ana baridi au ana joto, ana hasira, ana woga, anataka jike. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kwenye ngozi yake kuna tabaka la vijichembe kama vioo vidogo sana, na akivitanua au kuvisogeza karibu karibu rangi inabadilika, na chini yake kuna tabaka jingine ambalo linarudisha nyuma mionzi ya joto. Na kule jangwa la Namib kuna aina ya kinyonga anayeweza kuwa mweusi upande ulioelekea jua na mweupe upande wa pili kwa wakati mmoja. Mnyama ambaye Mungu amempa vifaa vyote hivyo vya kujipimia joto, sisi tunamweka kwenye sanduku ambalo vifaa vyote havimsaidii kitu.

Kingine kilichonishangaza ni cha ulimi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha South Florida huko Marekani waliwapima vinyonga kwenye baridi na kwenye joto, wakakuta joto likishuka nyuzi 10 ulimi bado unarushwa karibu kwa nguvu ile ile, unapungua chini ya asilimia 20, ila kuuvuta kurudi ndani ndo kunazorota sana. Maana yake asubuhi ya baridi anaweza kukamata mdudu, lakini kumsaga tumboni ni habari nyingine. Kwahiyo ukimwona kala usidhani yuko sawa. Chakula kikikaa kwenye tumbo la baridi kinaoza humo humo.

Hapo naingia kwenye kazi ya pili, maana nisije nikaeleweka kwamba joto ni adui. Klabu ya mazingira ya shule moja Arusha, nao wakiwa na kibali, waliniita niwatengenezee banda. Mimi bado nina kidonda cha lile boksi, nikatengeneza la wavu mtupu, pande zote na juu, hewa inapita kama sokoni. Nikajiona nimefanya la maana. Ilikuwa mwezi wa Julai. Sasa Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sio Moshi hii ya mita mia nane na kitu, na Julai mawingu yanalala juu ya mji mpaka saa sita, watu wanavaa makoti. Banda likawekwa kwenye korido inayopitisha upepo, na balbu waliyofunga ni ile ya LED, inawaka vizuri kabisa ila ukiishika haina moto wa maana. Wiki ya pili mwalimu akanipigia, fundi, mtoto wetu kawa mweusi, asubuhi mweusi, mchana mweusi, jioni mweusi, na hataki kula.

Huyo naye alikuwa anauliza swali lile lile kwa upande wa pili. Akisikia baridi anaenda wapi? Hana pa kwenda. Asubuhi weusi ni afya, ni mtu kasogelea moto. Mweusi kutwa nzima ni baridi, au woga, au ugonjwa. Nikapanda basi nikaenda. Tuliziba pande mbili kwa nailoni nzito kukinga upepo, pande mbili tukaacha wazi, tukatafuta balbu ya zamani, ile yenye waya ndani, ya wati 60, tukaiweka juu ya wavu, nje, na chini yake tukafunga tawi la mpera. Mwalimu alikuwa na kipimajoto cha maabara. Korido ilikuwa nyuzi 16, juu ya lile tawi ikasoma 28. Siku ya tatu alinitumia picha, saa tatu asubuhi, kinyonga yuko kwenye mpera kajibana kawa bapa, na picha ya pili saa tano, wa kijani, yuko chini kwenye majani na mguu wa panzi unatokeza mdomoni. Ile picha bado iko kwenye simu yangu.

Kwahiyo mafundi wenzangu na nyie mnaofuga, vipimo ninavyotumia sasa ni hivi. Banda liwe la kwenda juu sio la kulala, kwa kinyonga mkubwa mmoja lisipungue futi moja na nusu kwa futi moja na nusu na kimo futi tatu, na ukiweza futi mbili kwa mbili kwa nne ni bora zaidi. Urefu ndo unampa nafasi ya kuchagua, juu pana moto, katikati pana uvuguvugu, chini majanini pana ubaridi, anapanda na kushuka mwenyewe kutwa nzima kadri mwili unavyomtuma. Wavu uwe wa matundu madogo na uliofunikwa plastiki, waya wa kuku usitumie, wadudu wanatoka na yeye anaumia kucha na ulimi. Mbao ukiipiga vanishi iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa ndo umwingize, maana vanishi mbichi chini ya balbu ni sumu kwenye mapafu madogo vile.

Balbu iwe nje juu ya wavu, naomba hili lisomwe mara mbili. Kuungua kwake kunakuja hivi: asubuhi mwili wote una baridi na unadai moto, kwahiyo haondoki, anazidi kusogea, na wakati mwili bado haujashiba joto ile kofia ya kichwani na uti wa mgongo vilivyo karibu na balbu vimeshapikwa. Tawi la kuotea liwe chini ya balbu sentimita 20 mpaka 30, na unapopima usipime kwenye tawi, pima pale utakapofika mgongo wake na kichwa chake akiwa amesimama, maana mgongo na kichwa ndo vinatangulia kufikiwa na moto. Kama huna kipimajoto kwa siku hiyo weka nyuma ya kiganja chako hapo dakika tano, ukiona unataka kuutoa mkono basi na yeye angetaka kutoka. Ila nunua kipimajoto, ni bei ndogo kuliko kioo.

Hawa wa pembe tatu ni wa milimani. Wataalamu wanawaita Trioceros jacksonii, na wale wa Mlima Meru wana jina lao kabisa tangu 1958, merumontanus, jina la mlima wao. Hao pale pa kuotea inatosha nyuzi 27 mpaka 29, sehemu nyingine za banda ziwe za ubaridi, na usiku wanataka kushuka, hata nyuzi 13 au 15 kwao ni usingizi mzuri. Mnyama wa ukungu wa Meru ukimleta Moshi mwezi wa Januari ukamwekea na balbu ya wati 100 kwenye kioo, umemweka mahali ambapo wazee wake hawajawahi kufika. Hawa wa kijani wa kawaida wa nyanda za chini wanastahimili zaidi, pa kuotea pakifika karibu nyuzi 30 wanashukuru, lakini na wao kivuli ni lazima.

Tawi lenyewe mnalidharau. Ukiangalia mguu wa kinyonga kwa karibu, vidole vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, viwili upande huu vitatu upande huu. Koleo halishiki bati na halishiki ukuta, linashika kitu cha unene wake. Tawi likiwa nene kuliko mshiko anachoka, likiwa jembamba sana linanesa anaogopa, na kinyonga akiogopa haoti jua vizuri. Mimi natumia mpera na mkahawa uliokatwa zamani, ganda halitoki na halitelezi. Fungeni matawi kadhaa ya unene tofauti, yapande kwa mshazari ili awe na njia ya kutoka motoni kwenda kivulini bila kuruka. Chini wekeni mmea hai kwenye kopo, masale yanafaa sana, yanampa kivuli na maji ya kulamba, maana kwenye bakuli hanywi, anataka tone linalotikisika kwenye jani. Pa kuota jua pawe juu kuliko macho ya watu. Mnyama huyu ukimwangalia kutoka juu anakuona mwewe.

Usiku taa zote zizimwe, hata zile nyekundu ambazo wengine wanaziwasha usiku. Asubuhi iwake, jioni izimwe, taima za kuchomeka ukutani zipo madukani. Na umeme ukikatika msipate presha mkamsogezea jiko la mkaa, nawaomba sana, ule moshi na ile hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua hata mtu. Siku moja ya baridi haimuui kinyonga mzima, anasinzia tu, usimlishe sana siku hiyo, kesho mtoe juani.

Na jua ndo nilitaka nilifikie, maana tunalo la bure na tunalichuja kwa kioo. Kuna mionzi ndani ya jua ambayo wataalamu wanaiita UVB, hiyo ndo inayomfanya mnyama atengeneze vitamini D kwenye ngozi, na bila vitamini D kalsiamu haiingii mifupani hata ukimwagia wadudu unga wa maganda ya mayai kilo nzima. Kioo cha dirisha kinaizuia. Mwanga unapita, joto linapita, hiyo haipiti. Ndo maana unakuta kinyonga amekaa dirishani miezi, wenyewe wanasema anaota jua kila siku, na miguu imepinda kama upinde na taya limekuwa laini kama mpira. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa vinyonga wa Madagaska, waliolishwa chakula chenye vitamini D kidogo walikwenda wenyewe kukaa kwenye mionzi zaidi, walioshiba vitamini D walikaa kidogo. Yaani hata hilo anajua kujipimia, akipewa nafasi. Kwahiyo banda la wavu litoeni nje asubuhi, saa tatu hivi, nusu lipigwe na jua nusu lifunikwe na kanga au makuti, na mtu awepo, sio kuliweka na kwenda sokoni, jua linazunguka na kivuli cha saa tatu saa tano hakipo tena. Ndani ya nyumba ambako jua halifiki zipo taa maalumu za UVB za mrija, ila zinachoka kabla hazijazima, ikifika mwaka ibadilishwe hata kama inawaka.

Kioo kina ubaya mwingine mmoja nimalizie. Kinyonga ni mnyama wa kukaa peke yake, na kwenye kioo anajiona. Hajui ni yeye. Anadhani kuna dume jingine limesimama pale, halitoki, usiku na mchana, na hawa wa pembe tatu pembe zenyewe ni za kupigania. Yule wa kwanza alikuwa na michubuko puani.

Kuhusu sheria niseme wazi, sijaandika barua hii kumwambia mtu akakamate kinyonga kwenye uzio wa bibi yake. Hawa ni wanyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawahusu, kumfuga bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Mimi siku hizi mteja akija naomba kwanza nione kibali, nikikosa kuona sipigi msumari. Wengi tumelelewa tukimwogopa kinyonga, tumempiga mawe, mimi mwenyewe nimempiga mawe nikiwa mtoto na ninajuta, alafu sasa tumehama kutoka kwenye mawe tumeenda kwenye boksi la kioo. Na huyu ni wetu. Mwaka 2006 wanasayansi walipotafuta jina la kundi zima la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki walichukua neno la Kiswahili, Kinyongia, na aina moja ya kundi hilo inaishi hapa Kilimanjaro.

Yule wa pembe tatu alipona Mhariri. Nilirudi na wavu, nikatoa vioo vyote bila kudai hela, nikaongeza kimo, nikahamisha balbu juu na kuipunguza wati mpaka 40, na Januari na Februari mchana hatuiwashi kabisa. Kovu la kichwani limebaki. Mara ya mwisho nimepita saa mbili asubuhi, alikuwa kwenye tawi la juu, ubavu mmoja kaugeuzia jua, na jicho la upande wangu linanifuata ninavyozunguka.

Na yule mteja wa daftari juzi karudi. Alikasirika nilipomkatalia, alisema atampata fundi mwingine, na kweli wapo. Ila alikuja na mwanae wa darasa la tano na karatasi ya kibali, na mtoto ndo aliyeongea, akaniambia shikamoo babu, tumepima barazani kwa kipimajoto, saa nne ni 24 na saa nane ni 33, sasa tawi la kivuli liwe upande gani? Wavu nimeshakata. Tunafunga Jumamosi.

Fundi seremala,
Majengo, Moshi.
(Jina na namba ya simu nimekuachia Mhariri.)